Baiskeli Inapolia Chini ya Mzigo

Dumu la lita 20 likijaa mawese lina uzito wa kilo 19 hivi, pamoja na plastiki yake. Ukifunga manne kwenye keria, mawili kila upande, hizo ni kilo 76. Mwendeshaji mwenye kilo 65 akipanda, na baiskeli yenyewe ikiwa na kilo 20 na ushei, jumla inavuka 160, na sehemu kubwa ya uzito huo inalalia gurudumu la nyuma. Mzigo wa namna hii ni jambo la kawaida kwenye barabara inayotoka Mwandiga kwenda Kigoma mjini na Ujiji. Huonekana, na husikika pia, mara nyingine kabla haujaonekana.

Baiskeli hizo hulia kwa namna nyingi. Iko inayosema kwi, kwi, kwi bila kupumzika, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Iko inayopiga tak! moja kila mguu wa kulia unapokanyaga chini. Nyingine inasaga, nyingine inakoroma mlimani na kunyamaza ikifika tambarare. Mwenyewe hukereka siku mbili tatu za mwanzo, kisha masikio yanazoea na safari zinaendelea. Kuzoea huko ndiko kunakoharibu. Baiskeli nzima, hata iwe kuukuu kiasi gani, hata rangi iwe imebanduka yote, hutembea kimya. Kinachosikika ni tairi kwenye lami na ule mlio mwembamba wa friwili pedali zinapoachwa zitulie. Chochote zaidi ya hapo ni taarifa kwamba vyuma viwili vilivyopaswa kushikana vimeanza kusuguana, na chuma kinachosuguana kinalika.

Chanzo cha mlio kinaelezeka vizuri kwa zeze. Mpigaji hupaka utomvu kwenye uta wake ili usiteleze ovyo. Uta unaushika uzi, unauvuta, uzi unaponyoka, unashikwa tena. Hayo hurudiwa mara mamia kwa sekunde, na sikio linapokea sauti. Nati iliyolegea hufanya vivyo hivyo. Mguu unapokandamiza pedali, krenki inasogea kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, inanasa, inaachia, inanasa tena. Fremu nayo, kwa kuwa ni mabomba matupu yaliyounganishwa, inafanya kazi ya kibuyu cha zeze: inaikuza sauti ndogo mpaka inasikika ng'ambo ya barabara.

Hapo ndipo penye mtego. Sauti husafiri ndani ya chuma karibu mita 5,000 kwa sekunde, mara 15 hivi ya mwendo wake hewani. Kabla sikio halijatambua imeanzia wapi, fremu yote imeshatetema. Kiti kilicholegea husikika kana kwamba ni pedali, na usukani mkavu husikika kana kwamba ni gurudumu la mbele. Ndiyo sababu wapo wanaofungua ekseli ya kati mara mbili, wakabadilisha gololi zote na kulipa, kisha mlio ukarudi kesho yake, kumbe kosa lilikuwa bolti moja chini ya kiti.

Baiskeli za Kigoma ni za koo mbili, na kila ukoo unalia kwa mahali pake. Ukoo wa kwanza ni zile nyeusi ndefu za chuma: Phoenix kutoka Shanghai, Hero kutoka Ludhiana nchini India, na wazee wao Raleigh wa Nottingham. Zamani zilikuwapo pia Swala, zilizotoka kwenye kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam. Zote zinafuata mchoro uleule wa Kiingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20: magurudumu makubwa ya inchi 28, breki za fimbo, spoku 32 mbele na 40 nyuma, na krenki zinazoshikwa na kabari za chuma ziitwazo kota pini. Ukoo wa pili ni baiskeli za gia, zile za kupandia milima, ambazo nyingi ni mtumba ulioshushwa bandarini Dar es Salaam kabla ya kusafiri kilomita takriban 1,250 hadi mwisho wa Reli ya Kati, reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Hizi zina fremu za aluminiamu au chuma chepesi, gia nyingi, na pengine foku yenye springi. Ni nyepesi, zinapanda vizuri, lakini zina viungo vingi zaidi, na kila kiungo ni mlio unaosubiri siku yake.

Kazi ya kwanza haihitaji spana. Inahitaji barabara iliyotulia na mtu asiye na haraka. Mwendeshaji akanyage mpaka mlio utokee, kisha aache kukanyaga na kuiacha baiskeli iserereke. Mlio ukikoma, tatizo liko kwenye vitu vinavyozungushwa na mguu: pedali, krenki, ekseli ya kati, cheni. Ukiendelea, ni magurudumu, breki, madigadi au keria. Kisha ainuke kwenye kiti na kukanyaga akiwa amesimama. Mlio ukipotea, kosa ni la kiti au nguzo yake, na ekseli ya kati haina hatia. Halafu asimame kabisa, abane breki ya mbele na kuusukuma na kuuvuta usukani. Kinachogonga hapo ni beringi za shingo au foku. Mwisho arudie yote akiwa na mzigo, maana baiskeli tupu inaweza kunyamaza kama maji ya mtungi na kuanza kupiga kelele mara dumu la tatu linapofungwa.

Kuhesabu nako kunasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Mlio unaotokea mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, daima mguu uleule ukiwa mahali palepale, ni wa krenki, pedali au ekseli. Unaotokea mara mbili au tatu kwa kila mzunguko wa pedali ni wa gurudumu la nyuma, kwa sababu kwenye baiskeli hizi gia ya mbele ina meno zaidi ya maradufu ya ile ya nyuma. Na ule unaokuja kwa kuchelewa, pedali zikiwa zimeshazunguka mara mbili na zaidi, ni wa cheni: cheni yenye pingili 112 kwenye gia ya meno 48 hurudi ilikoanzia baada ya mizunguko miwili na theluthi. Basi kuna pingili moja iliyokaza au iliyopinda, na mwendeshaji ataipata akiirudisha pedali nyuma polepole huku akiitazama inavyopita kwenye friwili.

Kwa baiskeli nyeusi zinazobeba mawese, mtuhumiwa wa kwanza ni kota pini, nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu hufungwa vibaya mara nyingi mno. Pini hii ni kipande cha chuma cha mviringo chenye upande mmoja uliochongwa bapa kama kabari. Inapita kwenye tundu la krenki, ubapa wake ukikaa juu ya ubapa uliokatwa kwenye ekseli, na kwa kubana huko krenki na ekseli huwa kitu kimoja. Wengi huamini kwamba nati ndogo iliyo kwenye ncha yake ndiyo inayoivuta pini iingie. Sivyo. Nati hiyo kazi yake ni kuizuia isirudi. Kinachoiingiza ni nyundo, na nyundo hiyo ina masharti: krenki lazima ikalishwe juu ya kitu kigumu, kipande cha bomba la chuma kilichosimamishwa juu ya jiwe kwa mfano, ili pigo liishie kwenye bomba. Bila hivyo pigo linapita kwenye ekseli na kutua juu ya gololi, ambazo huacha vishimo kwenye vikombe vyake. Fundi anayegonga pini huku krenki ikining'inia hewani anaponya mlio mmoja na kuzaa mwingine utakaosikika baada ya wiki kadhaa.

Kabla ya kugonga, ubapa wa pini mpya hulinganishwa na ule wa ekseli, na ikibidi hupigwa tupa mpaka ulale sawasawa. Pini za pande mbili huingizwa kwa kupishana, nati moja ikitazama huku na nyingine kule, la sivyo krenki hazitakaa kwenye mstari mmoja na mguu utahisi kuchechemea. Ikishaingia, nati hukazwa, baiskeli huendeshwa kilomita chache, kisha pini hugongwa tena na nati kukazwa tena. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa. Pini mpya huwa bado inatafuta mahali pa kukaa. Isipogongwa mara ya pili, kesho yake inaanza tak, tak, na kila tak inaufanya ubapa wake kuwa duara kidogo zaidi. Pini iliyokwisha kuwa duara haikazwi tena kwa nguvu yoyote. Hutupwa.

Ikiwa pini ni nzima na mlio upo, ndipo zamu ya ekseli ya kati inafika. Mahali hapa ni pa chini kabisa kwenye fremu, na maji yote yanayoingia kwenye bomba la kiti huteremka mpaka hapo. Mvua za Kigoma huanza kunyesha Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, kwa hiyo baiskeli isiyofunguliwa kwa mwaka mzima huwa imekaa na maji tumboni kwa miezi mingi. Kwenye ufukwe wa ziwa nako kuna mchanga. Anayepita Kibirizi kuchukua magunia ya dagaa, akailaza baiskeli mchangani huku akipanga bei, anaondoka na punje ambazo hazitoki zenyewe. Mchanga ukichanganyika na grisi unakuwa tupa: kila mkanyago unakwangua vikombe, na mlio wake ni ule wa kusaga.

Dawa ni kufungua, kuosha kwa mafuta ya taa, kukausha, kutia grisi mpya na gololi mpya. Gololi hubadilishwa zote kwa pamoja, kwa sababu zilizotumika zimepungua ukubwa kwa kiasi ambacho jicho halioni. Ukichanganya, zile mpya chache hubeba mzigo wote na kupasuka. Kwenye habu ya nyuma ni tisa za robo inchi kila upande. Kwenye ekseli ya kati, kikombe cha upande wa cheni mara nyingi hufungwa kinyume na kile cha kushoto, kama ilivyo kwa pedali ya kushoto ambayo nyuzi zake pia ni za kinyume, zilizokatwa hivyo makusudi ili mzunguko wa kukanyaga usiifungue njiani. Asiyelijua hilo huvuta spana upande usio sahihi mpaka nyuzi zinaisha. Baiskeli za zamani za Kiingereza zilikuwa na tundu dogo lenye kifuniko la kudondoshea oili kwenye habu na kwenye ekseli ya kati. Kwenye baiskeli nyingi tundu hilo limezibwa na rangi na kutu, na kulizibua ni kazi ya dakika mbili.

Nyuma nako kuna mambo. Mhandisi Jobst Brandt, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu gurudumu la baiskeli, alionyesha jambo ambalo watu wengi hulifikiria kinyume: gurudumu halining'inii kwenye spoku za juu; mzigo unapotua, spoku chache za chini ndizo zinazopungua mkazo, na zinazobaki karibu hazibadiliki. Tafsiri yake kwa mbeba mawese ni nzito. Mzigo ukizidi, spoku za chini hulegea kabisa kila gurudumu linapozunguka, kisha hukazika tena zikipanda. Mahali zinapopishana zinasuguana na kulia, na nipeli zake zinajifungua kidogo kidogo zenyewe. Wiki chache baadaye rimu inayumba na spoku zinaanza kukatika, kwa kawaida pale zilipopinda kuingia kwenye habu. Njia ya kuzipima ni kuzibana mbili mbili kwa vidole, kuzunguka gurudumu zima. Zilizolegea hujionyesha mara moja. Huyu ni mgonjwa wa kukazwa spoku, na tone la oili kwenye makutano ya spoku litamnyamazisha tu mpaka safari ya pili.

Keria hulia kwa sababu ya umbo la mzigo zaidi ya uzito wake. Gunia la dagaa wakavu ni jepesi lakini ni pana, linayumba na kuipinda keria huku na huku. Dumu lisilojaa ni baya zaidi: mafuta yanapiga wimbi ndani na kuisukuma baiskeli mbele kila breki inapokamatwa. Miguu ya keria hushikwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma pamoja na madigadi, kwa nati ileile moja. Ikilegea, mlio unasikika, na gurudumu zima liko njiani kutoka mahali pake. Washa nzuri hapo ina thamani kuliko kengele ya kung'aa.

Baiskeli ya gia hudai uchunguzi wa namna nyingine. Kwa mpangilio unaookoa muda, huanzia juu: nguzo ya kiti ichomolewe, ifutwe, ipakwe grisi na kurudishwa. Kwenye fremu ya aluminiamu grisi hiyo ni ya lazima, maana metali mbili tofauti zikikutana na unyevu hugandana mpaka nguzo haitoki tena. Ni ajabu jinsi kazi hii ndogo inavyomaliza milio iliyodhaniwa kuwa ya ekseli. Kisha bolti zinazoushika usukani, kisha zile ndogo zinazoshika gia za mbele kwenye krenki, kila moja ikitolewa, kufutwa vumbi na kukazwa upya kwa zamu ya kukabiliana. Krenki za baiskeli hizi hukaa kwenye ekseli ya pembe nne badala ya kota pini. Zikiendeshwa zikiwa zimelegea, aluminiamu laini hupanuka na haziponi tena. Kuna pia kipande kidogo cha chuma kinachobeba kibadilisha gia cha nyuma, kilichofungwa kwenye fremu kwa bolti moja. Vumbi jekundu likiingia nyuma yake linalia mlimani, wakati cheni imevutwa kwa nguvu, na wachache sana hufikiria kukitazama.

Foku yenye springi na viungo vya fremu inayocheza hutegemea bushi za plastiki au beringi ndogo zilizofungwa, ambazo ni adimu kupatikana zikiisha. Kwa anayebeba mzigo, uamuzi ni mwepesi: foku ngumu ya chuma inamfaa zaidi. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lilipobuni baiskeli yake ya Buffalo kwa ajili ya vijiji vya Afrika, lilikwenda njia hiyo hiyo: chuma kizito, spoku nene, viungo vichache na keria ya kubeba kilo 100. Uhandisi huo ni jibu kwa swali hilihili linaloulizwa kila siku kwenye vilima vya Kigoma.

Limebaki suala la mafuta, nalo ndilo linalopotosha watu wengi. Baiskeli ikilia, mkono wa kwanza hukimbilia kopo. Mahali ambapo mawese hayakosekani, kishawishi cha kuyapaka kwenye cheni kiko karibu, lakini mawese hayafai kabisa kwa kazi hiyo. Huyeyuka kikamilifu kwenye joto la nyuzi 35 hivi, kwa hiyo asubuhi ya kawaida ya Kigoma huwa yameganda nusu. Na yakikaa hewani, hunata na kukusanya vumbi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya pikipiki inateleza vizuri zaidi, ila imebeba unga wa chuma ilikotoka. Oili safi nyepesi, kidogo, ikitiwa kwenye pingili za cheni kisha ya juu ikafutwa kwa tambara, inatosha. Cheni yenyewe hupimwa kwa rula ya shule: pingili 24 mpya zina inchi 12 kamili, na zikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha na pengine imeshaanza kula meno ya gia. Grisi ni ya gololi na nyuzi za bolti. Na kwenye viungo vinavyotakiwa visisogee kabisa, kufuta na kukaza hutangulia. Mafuta peke yake huko ni kumfunga mdomo mgonjwa anayejaribu kueleza maumivu.

Upo mlio mmoja ambao spana na grisi haviuwezi. Ni ule wa fremu iliyoanza kupasuka. Hutokea karibu na shingo ya usukani, kwenye kiungo cha kiti, au pale mabomba yanapokutana na ekseli ya kati, na dalili yake ya kwanza ni mstari mwembamba wa kutu unaochungulia kwenye rangi. Mabomba ya baiskeli nyeusi ni membamba na yameungwa kwa shaba. Kuyachomelea kwa umeme mara nyingi huyatoboa au kuyafanya yakatike pembeni ya weldi. Kazi hiyo ni ya gesi na shaba, kwa fundi anayeijua. Kutoka vilima vya Kalinzi, vilivyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mpaka ufukwe wa ziwa ulioko karibu mita 770, kuna mteremko ambao breki za fimbo peke yake zina shida nao, sembuse shingo yenye ufa.

Basi ukishakaza kila nati, ukaosha gololi, ukagonga pini na kubana spoku zote, na bado baiskeli inalia, futa vumbi pale chini ya usukani uangalie kwa mwanga wa mchana. Ukiona ule mstari wa kutu, shusha madumu hapo hapo ulipo.